Uji wa Mama Mkwe

Jirani yangu wa Nakwa, hapa Babati, ametia sumu kwenye uji mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mara zote sumu hiyo niliiandika mimi. Ilikuwa unga wa sembe uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. Aliunyunyiza kwa vidole vitatu, kama mtu anayetia chumvi, huku jicho moja likitazama mlangoni, mahali ambapo simu ya dairekta ilisimamishwa wima juu ya kreti la soda. Kisha alikoroga, akanusa mvuke, akatabasamu. Tabasamu lile limefika nchi ambazo mimi sijawahi kufika, pamoja na shahada yangu.

Simu ikizimwa, alikuwa mama mjane wa Kilutheri aliyeshuka kutoka nyanda za juu za Mbulu zamani akiwa bibi harusi, na hadi leo Kiswahili chake kina kokoto za lugha ya kwao. Nyuma ya nyumba ana mahindi na mbaazi. Ana mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyeko machimboni, na mwana huyo ameoa binti wa wafanyabiashara wa nafaka waliohamia Mutuka kutoka mkoa mwingine. Mama alimpenda binti huyo kwa namna ya kimya ya watu wa kwao: akimwona, anaenda jikoni.

Dairekta wetu alikuwa mpiga picha wa harusi. Nusu ya mji huu imewahi kulishwa keki mbele ya kamera yake. Harusi zilipoanza kupigwa picha na shangazi wenyewe kwa simu zao, alitafuta riziki nyingine, akaipata kwa kampuni moja ya mbali ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kumwona mtu wake. Kampuni ile ilianza kwa kutengeneza michezo ya kwenye simu, ile ya kupanga matunda mpaka yalipuke. Baadaye wakagundua kwamba watu nao wanaweza kupangwa mpaka walipuke, wakahamia kwenye tamthilia. Zilitakiwa ziwe za wima, vipande vya dakika moja hivi, na kila kipande kiishie mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kuondoka. Vipande vya mwanzo ni bure. Kuona vinavyofuata, mtazamaji anatoa sarafu za ndani ya programu, kama kwenye ule mchezo wa matunda. Na kama kwenye mchezo, kuna vitufe vya kuamua. Mama mkwe ameshika kikombe, vitufe viwili vinatokea: AMPE au ASIMPE. Watu hubonyeza.

Sijawahi kukutana na mtu aliyebonyeza ASIMPE.

Mimi niliingia kama mwandishi wa skripti. Dairekta alikuwa akiniita Profesa, na jirani yangu Mwalimu, vyeo ambavyo Babati hupewa mtu yeyote mwenye miwani na asiye na gari. Chuo kikuu nilifundishwa kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, na nilipata alama nzuri kwa kulikariri hilo. Hapa ulitakiwa mwanzo tu, na mwanzo mwingine juu yake. Nilijiambia kwamba ni kazi ya muda, wakati nikisubiri kitabu changu cha insha kimpate mchapaji. Kitabu bado kinasubiri. Kina subira kuliko mimi.

Wazo la kumpa jirani yangu nafasi ya mama mkwe lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa nimemwona kwenye kikundi cha maigizo cha kanisa. Huko alikuwa akicheza waovu wote: mlevi, mchonganishi, mganga wa kienyeji. Alipoingia jukwaani watoto walijificha kwenye sketi za mama zao. Lakini kikundi kile kilikuwa na sheria iliyoachwa na mwinjilisti mmoja wa zamani, kwamba mwovu haruhusiwi kuvua nguo za igizo kabla hajatubu mbele ya watu walewale walioona uovu wake. Si mbele ya wengine. Mwaka mmoja mvua ilikatiza igizo mwizi akiwa bado mwizi, watu wakatawanyika. Jumapili iliyofuata yule mzee aliyecheza mwizi alisimama kanisani, kati ya tangazo la mnada wa mavuno na wimbo wa kwaya, akatubu wizi wa ng'ombe ambaye hakuwapo. Waumini waliitikia Amina kwa uzito kamili. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nyuma, nikitafuta kalamu.

Kwa hiyo nilipoenda kumwomba acheze, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Huyo mwanamke unayetaka niwe, anatubu?"

"Anatubu, mama."

"Wapi?"

"Wapi kivipi?"

"Anatubia wapi, Mwalimu? Kanisani au jikoni? Mbele ya nani?"

Nikamwambia jikoni, mbele ya mke wa mwanawe, akiwa amepiga magoti. Akafikiri huku akipeta mbaazi.

"Haya. Akitubu, nitacheza."

Mkataba ulikuwa ndani ya simu, mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi, na mwisho wake kitufe cha NAKUBALI. Tulibonyeza wote. Mimi nilitangulia, ili niwaonyeshe mfano wasiosoma.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kicheko. Tulipiga picha kwenye nyumba moja ya kupanga Nangara. Mama alifika na kiti chake mwenyewe, akaua, akakunja kiti, akarudi kupalilia. Akitembea sokoni watu walimpigia kelele, "Mama Mkwe, leo umempikia nani?" naye alijibu, "Wewe! Lete kikombe!" Muuza nyanya alimzuia asiguse fungu: "Acha, nitakuchagulia mimi, vidole vyako tunavijua." Soko zima lilicheka, na yeye pia.

Kisha likaja jambo la ubarikio, yaani kipaimara. Kila mwaka, watoto wanapobarikiwa, ni yeye aliyekuwa akisimamia sufuria za pilau. Safari hii akina mama walimwambia, kwa sauti ile laini ambayo watu wa kanisani huitumia wakikuumiza, kwamba wamempangia kuosha vyombo, apumzike. Aliosha. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona sufuria zilizokwanguliwa vibaya namna ile.

Binti alikuwa amekwisha kupata ujauzito wakati huo. Kwa desturi ya pande zote mbili mambo yalikuwa wazi: akijifungua atakaa kwa mama mkwe, atalala, atakandwa, na atakunywa uji wa ulezi wenye maziwa na samli mpaka mashavu yarudi. Mama alikuwa ameanza kuchagua ulezi, punje kwa punje. Ndipo simu ikapigwa kutoka Mutuka. Mama mzazi wa binti ni mwanamke mkweli, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na madereva wa malori, na simu ya jirani yangu husikika hata ikiwa haijawekwa spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nakuambia kama mzazi mwenzangu. Binti atakaa huku kwangu. Sisemi wewe ni mbaya. Mimi nakujua. Lakini ndugu zetu kule nyumbani wote wamekuona ukikoroga. Mtoto akiumwa tumbo tu, tumbo la kawaida, nitawaambia nini?"

Jirani yangu hakubishana. Alisema sawa, akaweka simu juu ya gunia la ulezi, akaniangalia.

"Sasa nitubu," akasema. "Watu wameona vya kutosha."

Nikampelekea dairekta ombi hilo kama mtu anayepeleka barua ya kuomba likizo. Alinionyesha simu yake. Kampuni ilikuwa inamtumia mchoro wa kila kipande, mstari mwekundu unaopanda watazamaji wakibaki na kushuka wakiondoka.

"Ona, Profesa. Hapa anatabasamu, mstari unapanda. Hapa anatukana, unapanda. Hapa uliandika ameinamisha kichwa kidogo, kidogo tu, kama anajuta, si unaona? Umeanguka kama mtungi."

"Tuliahidi."

"Tuliahidi mwisho. Hii haina mwisho, bro. Mchezo wa matunda una mwisho?"

Hata hivyo alikuwa na utu, akaandika huko kwa wenye kampuni. Jibu lilikuja haraka, kwa adabu nyingi, na nina hakika halikuandikwa na mtu. Walisema wameipenda sana hoja yetu na wataiweka kwenye vitufe. Wikiendi hiyo watazamaji wakaulizwa: ATUBU au ASITUBU. Matokeo sitayasema, mtu yeyote aliyewahi kukaa na binadamu anayajua.

Mama alijaribu njia nyingine. Alimwendea mchungaji, kijana msomi aliyehamishiwa kwetu hivi karibuni, akaomba asimame kanisani atubu. Mchungaji alimuuliza ni dhambi gani. Alipoelezwa akacheka kwa upole: "Lakini mama, hujafanya dhambi yoyote." Jirani yangu alirudi kutoka kwake amevunjika kuliko alivyokwenda. Hata angekubaliwa, alisema, kanisani hawapo walioona. Walioona wako kwenye simu, Mutuka, na kule kwa ndugu zao, na wapi sijui. "Walewale ndio wanaotakiwa, Mwalimu. Walewale."

Basi akakunja kiti chake. "Sikorogi tena," akamwambia dairekta, "mpaka siku ya toba."

Tulidhani hapo pana mwisho wa aina fulani. Dairekta alihuzunika, mimi nilifurahi kwa siri. Mwigizaji akigoma mwandishi naye anapumzika. Nilikuwa sijaelewa tulikubali nini tulipobonyeza NAKUBALI. Baada ya muda mfupi msimu mpya ulitokea kwenye programu, na Mama Mkwe alikuwa ndani yake, akikoroga. Ilikuwa sura yake na sauti yake. Akili mnemba ilikuwa imelishwa vipande vyote vya nyuma, ikajifunza kuwa yeye, na haikuhitaji kiti, wala chai ya mapumziko, wala mwandishi. Kuhusu hilo la mwisho niliumia zaidi ya nilivyotarajia. Nilisoma mazungumzo yao nikitumaini yatakuwa mabaya. Hayakuwa mabaya. Yalifanana na yangu, jambo ambalo bado nalitafakari.

Nilimwonyesha sebuleni kwangu, mchana. Alitazama kwa miwani yangu.

"Mikono si yangu," alisema. Kweli, mikono ilikuwa laini, haina nyufa za jembe. Kiswahili nacho kilikuwa kimepanguswa kokoto zote. Alizungumza kama mtangazaji. "Na anakoroga kama mtu ambaye hajawahi kupika. Angalia. Uji huo una madonge."

"Watu hawataona, mama."

"Nani anakunywa uji wenye madonge? Mkwe angekataa tu, sumu ya nini?"

Lakini watu hawakuona. Mama Mkwe yule mpya aliua kuliko wa zamani, na mstari, aliniambia dairekta kwa sauti ya msibani, ulipanda mpaka ukatoka nje ya mchoro. Dairekta mwenyewe hakuwa na kazi tena. Amerudi kwenye harusi, zile chache ambazo shangazi hawana simu nzuri. Sokoni watu waliendelea kumpigia jirani yangu kelele za Mama Mkwe, ila sasa hakujibu. Binti alihamia Mutuka mimba ilipokuwa kubwa. Ulezi uliochaguliwa ulibaki kwenye gunia, umefungwa vizuri.

Binti alijifungua salama, wakati wa Kwaresima, mtoto wa kike. Mama alikwenda hospitali kama wageni wengine, na kama mgeni alichukua mtoto, akamrudisha. Hakupeleka chakula. Alipeleka sabuni.

Siku chache baadaye dairekta alinitumia kiungo bila maneno. Kampuni ilikuwa imeamua, sijui kwa hesabu gani, kwamba majira yale ya mfungo machozi yangelipa. Nikamwita jirani yangu. Kwenye kioo cha simu Mama Mkwe alikuwa amepiga magoti jikoni, mbele ya mke wa mwanawe, mahali palepale nilipoahidi. Alilia. Machozi yalishuka mashavuni sambamba, moja kulia, moja kushoto. Alisema nisamehe, mwanangu, nilikuwa na giza moyoni. Yalikuwa maneno mazuri. Nusu yake nilikuwa nimewahi kuyaandika kwa ajili ya wengine.

Jirani yangu alitazama hadi mwisho. Akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Huyu analilia nini?"

"Anatubu, mama. Ndiyo toba yenyewe."

"Mbona hana kamasi?"

Nikasogeza simu karibu na macho.

"Mtu akitubu kweli, Mwalimu, kamasi inatoka. Mimi ningetoa kamasi." Akavua miwani yangu, akaipangusa kwa kanga, akanirudishia. "Na huyu atatubu nini, hata mikono hana?"

Alikuwa bado hajainuka simu yake ilipolia. Mutuka.

"Mama!" Sauti ya yule mfanyabiashara wa nafaka ilikuwa imelowa. "Mama, nimeona. Tumeona wote, mpaka dada zangu wamepiga simu kutoka nyumbani. Ulivyolia, mama! Na mimi nimelia huku dukani mbele ya wateja. Basi yaishe. Njoo na uji wako. Binti anauulizia kila siku."

Jirani yangu aliziba simu kwa kiganja, akaniangalia. Nimekuwa mtu wa kutoa maoni maisha yangu yote. Nina maoni kuhusu lugha, elimu, bei ya mbolea, na mustakabali wa riwaya. Niliangalia zulia.

Akaondoa kiganja. "Nitakuja," akasema.

Akakata simu, akabaki amekaa. Kuku mmoja aliingia hadi katikati ya sebule, akatoka.

"Sijadanganya," akasema.

"Hujadanganya, mama."

"Ila sijasema kweli."

Jioni hiyohiyo dairekta alipita kwangu, na mama alikuwa uani akiosha ulezi, kwa sababu bomba langu lilikuwa linatoa maji na lake halitoi. Dairekta alinong'ona, lakini mpiga picha wa harusi hanong'oni. Amezoea kushindana na spika. Alikuwa amesikia kutoka kwa wapiga picha wenzake wanaoifanyia kampuni ile kazi kwingineko: msimu unaofuata, baada ya Pasaka, itajulikana kwamba toba ilikuwa ya uongo. Mama mkwe alitubu ili aaminiwe, apewe mtoto amlee. Na safari hii sumu itakuwa ya mtoto.

"Mstari ulipanda siku ya kilio," alisema, "halafu ukaanza kushuka. Watu wanamtaka yule wa zamani."

Uani, mlio wa punje kwenye beseni ulinyamaza. Kisha ukaendelea.

Asubuhi nilimsindikiza Mutuka kwa bajaji, nikiwa nimeshika chupa ya chai iliyojaa uji, kubwa, yenye maua mekundu, iliyofungwa kwa kanga ili isipoe. Nilitaka kumwambia kwamba bado kuna wiki kadhaa, kwamba huenda wakabadili mawazo, kwamba huenda watu wa Mutuka wasiangalie msimu huo. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, yenye mkato mahali pake. Nikaimeza.

Tulikaribishwa kwa vigelegele. Mama wa binti alimkumbatia jirani yangu mlangoni, kwa nguvu, akamwambia karibu mama, karibu sana, umetutua mzigo. Ndani binti alikuwa amekaa kitandani na mtoto pembeni, amekonda, na alipoiona ile chupa akafungua mikono kama mtoto mwenyewe. "Shikamoo, mama! Nimeusubiri!"

"Marahaba, mwanangu."

Jirani yangu akafungua kanga. Chupa ile juu ina kifuniko kinachotumika pia kama kikombe. Akakigeuza, akamimina uji ndani yake mpaka juu, harufu ya samli ikajaa chumbani. Binti akanyoosha mkono. Mama hakumpa. Akakaa sawasawa kwenye kigoda, mahali ambapo wote tulimwona, akainua kifuniko mdomoni, akaanza kunywa.

Kwao juu Mbulu, aliyepika pombe ndiye anayeonja kwanza, ili atoe sumu mbele ya wageni. Ni ya pombe desturi hiyo. Sijawahi kuona ikifanywa kwa uji wa mzazi.

"Mama, acha bwana," alisema mama wa binti, akicheka kwa aibu. "Hayo si yamekwisha? Si tumeona ulivyotubu?"

Jirani yangu aliendelea kunywa. Uji ulikuwa wa moto na alikuwa akiunywa taratibu, macho yametulia juu ya kingo za kifuniko, yakitoka kwa binti kwenda kwa mama yake, kurudi kwa binti. Alikunywa wote. Akageuza kifuniko juu chini, tone moja likadondoka sakafuni.

"Kesho pia utatangulia kunywa?" aliuliza binti kwa utani.

"Kesho pia," akasema. "Na Pasaka. Na baada ya Pasaka. Kila siku mtaniona."

Kisha akamimina tena, akampa. Binti alikunywa bila kuchukua pumzi, kwa midomo na shingo na mabega. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na kanga mikononi, na kwa mazoea ya kazi yangu sikuwa namtazama anayekunywa. Nilikuwa natazama mkono wa mama mzazi wa binti. Ulikuwa umenyanyuka kidogo kutoka gotini, vidole vimefunguka, kuelekea kile kikombe. Ukakaa hewani. Halafu ukarudi ukajishika na mwenzake, na mwenyewe, nadhani, hakujua kwamba ulikuwa umeondoka.